Polarimita ilisema ni asali, mama mkwe akasema ni nzi

Kwanza kabisa, sikumla nzi. Najua rafiki yangu mmoja (ana lake jambo na mimi) ameshatangaza kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba nilimlamba nzi mbele ya wakwe. Uongo mtupu. Kilichotokea ni kibaya zaidi, na afadhali mkisikie kwangu kabla hakijafika Rongai kikiwa kimeota mkia.

Jumamosi tulipeleka mahari Embakasi. Kwenye orodha palikuwa na asali, lita 20. Mjomba akajitwika hiyo kazi, akarudi na jerikeni aliyouziwa na jamaa fulani kando ya stendi. Ilikuwa nyeusi nzuri, na juu yake vinaelea vipande vya nta na vidudu vyeusi. "Ona, mpaka nyuki wamo!" Kisha akanigeukia: "Wewe si unafanya kazi maabara? Pima, tusije tukaaibika kwa watu."

Nikapima, jamani. Nilipima kweli kweli.

Kwa wale mliolala darasa la kemia: molekuli za sukari ni kama mikono, ya kulia haiwezi kuwa ya kushoto hata uigeuze vipi. Ndiyo maana zinapinda mwanga. Unachukua mwanga wa njano wa sodiamu, nanomita 589, unauchuja ubaki unatikisika upande mmoja tu, unaupitisha kwenye bomba lenye sukari iliyoyeyushwa, halafu unasoma umepindwa nyuzi ngapi. Sukari ya miwa hupinda kulia, 66.5. Glukosi nayo kulia, 52.7. Fruktosi ndiyo mkaidi, inapinda kushoto karibu 92. Asali ya nyuki kwa kawaida ina fruktosi nyingi kuliko glukosi, kwa hiyo mwanga huishia kushoto. Ukiuziwa maji ya sukari, mwanga unaenda kulia na mwizi amepatikana.

Nikakoroga sampuli, nikaichuja, nikailaza usiku kucha, maana glukosi ikishaingia majini huchukua muda kutulia na ukipima kwa pupa namba inakuhamahama. Asubuhi nikachungulia polarimita, ndiyo hiyo mashine ya kusoma mwanga umepindwa wapi: kushoto. Refraktomita, kifaa cha kupima maji yaliyomo, nayo ikasema maji hayajafika asilimia 20, ambao ndio mpaka wa asali kimataifa. Nikachapa majibu. Kwa rangi. Nikayapiga laminesheni. (Msicheke bado.)

Sasa picha ni hii. Sebule imejaa wazee, jerikeni iko juu ya meza imefungwa utepe mwekundu. Msemaji wetu anasema kijana wetu ni mtaalamu, ana neno. Nikasimama na karatasi yangu. Ningesema "ni safi" nikakaa, saa hizi ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Badala yake niliwapeleka wazee wa watu Ufaransa mwaka 1848, kwa Louis Pasteur akitenganisha fuwele kwa mkono, za kulia huku, za kushoto kule. Mzee mmoja akauliza kama huyo Pasteur naye alilipiwa asali. Nikacheka kisomi.

Mama mkwe hakucheka. Huyu mama ni mzaliwa wa Mwingi, babake alikuwa mtu wa kutundika mizinga, na hilo hakuna aliyekumbuka kuniambia. Akaomba kijiko.

Akafungua jerikeni polepole. Akachovya, akainua kijiko, akaitazama ikishuka. Akanusa. Akanusa tena. "Mwanangu, hii imepikwa."

"Hapana, Mama, vipimo vinaonyesha..."

Akainua kidole, nikanyamaza. Kwa mpini wa kijiko akamvuta mdudu mmoja hadi ukingoni, akamtoa, akamlaza kwenye kisosi. Akaomba miwani. Miwani ikatafutwa chumbani, na sisi sote tunasubiri na kisosi. Akaivaa. Akamgeuza mdudu chali, akamgeuza tena, akainama karibu kabisa.

"Huyu nyuki wenu ana mabawa mawili tu," akasema. "Nyuki ana manne. Huyu ni nzi."

Kisosi kikapitishwa. Mzee kwa mzee! Kila mmoja akakitazama, akanitazama mimi, akatazama laminesheni. Kilipofika kwangu nilikiinua karibu na uso nihesabu mabawa, na hapo ndipo huyo rafiki yangu alipopiga picha. Basi ndiyo asili ya habari za kulamba.

Mama mkwe akaonja tone moja kutoka jerikeni. "Sukari na ndimu. Hata mimi naipika kabla chai haijachemka."

Wadau wa kemia, najua mnachoandika, acheni. Sukari ya miwa ikichemshwa na kitu kikali inavunjika, nusu glukosi nusu fruktosi. Kushoto 92, kulia 52.7, ukizipatanisha nusu kwa nusu mwanga unapinda kushoto kama nyuzi 20. Kwa hiyo mashine ilisema kweli! Mwanga ulienda kushoto. Nani aliiuliza habari za nyuki?

Jumatatu nikarudi maabara kimya kimya nikaipima kwa miale ya urujuanimno, nanomita 284, mahali inapojitokeza HMF, kitu kinachozaliwa sukari ikipikwa na tindikali. Asali ya nchi za joto inaruhusiwa miligramu 80 kwa kilo. Yetu ilipita hapo bila hata kupunguza mwendo.

Mahari imeahirishwa. Asali mpya itatoka kwa kaka yake mama mkwe, kwa bei yake mwenyewe, na juu yake tumepigwa faini ya beberu wawili. Mjomba anasema nilipe mimi niliyethibitisha. Mimi nasema alipe yule jamaa wa stendi, ila simu yake ni mteja hapatikani tangu Jumamosi. Mwenye mtu Kiamaiko, kule soko la mbuzi, wa kunipunguzia bei ya beberu aje inbox, ila asinitumie picha ya kisosi, ninazo za kutosha.