Tunalilia barafu, tope hatulijui

Juzi mpwa wangu wa darasa la sita alikuwa anafanya zoezi la nyumbani: taja aina tatu za miamba. Akazitaja bila kupumua: miamba moto, miamba tabaka, miamba geu. Nikamuuliza, hiyo miamba tabaka ina nini ndani yake? "Mjomba, swali limesema taja tu."

Simlaumu. Hapa Moshi tumezoea kutazama juu. Mawingu yakifunguka asubuhi, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikajitokeza, maneno ni yale yale: barafu inaisha. Nami inaniuma. Lakini watafiti walioongozwa na Lonnie Thompson wa Marekani, waliotoboa barafu ile mwaka 2000, waliikadiria ya chini kabisa kuwa na miaka ipatayo 11,700, na wapo wanaoubishia hata umri huo. Barafu nayo hutunza kumbukumbu ya hali ya hewa, lakini kwa historia hiyo, hiyo ni jana. Ukitaka juzi na zaidi ya juzi, inama uangalie tope, mama wa miamba tabaka.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kusini, Kilwa na Lindi. Kule kuna udongo mfinyanzi uliotuama chini ya bahari mamilioni ya miaka iliyopita, sasa ni nchi kavu, watu wanalima juu yake. Ndani yake mna magamba ya foraminifera, viumbe wa seli moja, wadogo kama punje za mchanga. Kiumbe huyu hujenga gamba la chokaa kwa oksijeni iliyomo majini, na oksijeni ipo nyepesi, ya namba 16, na nzito, ya namba 18. Maji yakipoa, gamba hubeba nzito zaidi. Tena bahari inapovukizwa, nyepesi ndiyo hutangulia kuondoka. Nyepesi hiyo ikianguka kama theluji Antaktika na kuganda huko, bahari huachiwa nzito. Gamba moja, habari mbili: joto la maji na wingi wa barafu duniani. Kuzitenganisha ni kazi, ndiyo maana hupimwa pia magnesi ya gamba lile lile, ambayo huongezeka maji yakiwa na joto.

Sasa sikia utamu wake. Kwa miaka mingi magamba yaliyotolewa chini ya bahari kuu yalitoa jibu la ajabu: zama za Eosini, kati ya miaka milioni 56 na 34 hivi iliyopita, ncha za dunia zilikuwa na joto, lakini bahari za tropiki eti zilikuwa za ubaridi. Kumbe magamba yale yalikuwa yamekaa mno sakafuni, chokaa yake ikajiunda upya ndani ya maji baridi ya kilindini. Shahidi alikuwa amebadilishiwa ushahidi! Mwaka 2001 mtafiti Paul Pearson na wenzake wakapima magamba yaliyofungiwa kwenye udongo mfinyanzi usiopitisha maji, ya Tanzania yakiwemo, yanayong'aa bado kama kioo. Bahari za tropiki zikasoma angalau nyuzi 28 hadi 32 za Selsiasi. Visima vilivyochimbwa baadaye karibu na Pande, Kilwa, vilikuta hata tabaka za miaka milioni 34 iliyopita, wakati Antaktika ilipoanza kujifunika barafu kubwa.

Haya yote yametoka kwenye udongo wetu, na mtoto anafundishwa kutaja tu. Hilo ndilo linalonikera, kuliko hata barafu.

Na asiniambie mtu Kilwa ni mbali. Ziwa Chala liko hapa hapa, ukipita Himo. Kila mwaka, miezi ya kiangazi na upepo, mwani wenye magamba ya silika, madini yanayotengenezea kioo, hustawi, ukifa unaacha utando wa rangi nyepesi. Majira mengine yanaacha mweusi. Mweupe, mweusi, mweupe, mweusi, kama daftari la madeni la mangi wa dukani mwaminifu. Mwaka 2016 watafiti walichimba tope la sakafu yake mita zipatazo 215, kumbukumbu ya takriban miaka 250,000. Kibo haiwezi kushindana na hapo. Lakini ziara za shule zinaishia kwenye maporomoko ya Marangu, watoto wanapigwa picha, wanarudi.

Jumamosi nimemwahidi mpwa wangu tutakwenda Chala. Dada ameuliza jambo moja tu, kama kweli mle kuna mamba. Nimemwambia tutakaa juu, ukingoni.