Mwanahisa mkubwa wa Portland na saruji ya mshindani

Kwa miaka mingi kampuni ya saruji ya East African Portland ya Kenya, yenye kiwanda chake Athi River, ilikuwa na wanahisa wakubwa watatu. NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ilishika asilimia 27, Hazina ya Taifa asilimia 25.3, na Lafarge, kampuni ya saruji ya Ufaransa ambayo baadaye iliungana na Holcim ya Uswisi, asilimia 41.7, nyingine zikiwa kupitia Bamburi, kampuni nyingine ya saruji ya Kenya. Lafarge hiyohiyo ilikuwa na asilimia 58.6 ya Bamburi, mshindani wa Portland sokoni.

Wapo wanaomtetea mwanahisa mkubwa, na wana hoja nzito. Tanuri la klinka, yaani mawe yaliyochomwa ambayo husagwa kuwa saruji, hula mabilioni na huchukua miaka kurudisha gharama. Mwenye hisa mia mbili hawezi kumbana mkurugenzi mtendaji, na akichukizwa anauza na kwenda zake. Kampuni ya ujenzi ya Carillion, Uingereza, hisa zake zilitawanyika kwenye mifuko ya uwekezaji, na baadhi ya mifuko hiyo ilipoona dalili mbaya iliuza na kuondoka. Uongozi uliendelea kulipa gawio, pauni milioni 79 kwa mwaka 2016, huku mfuko wa pensheni ukiwa na pengo kubwa. Januari 2018 kampuni ikaanguka.

Portland haikukosa wa kumbana meneja. Ilikuwa nao wengi mno, kila mmoja na lake. Mizozo ya bodi ilifika mahakamani, na miaka ikapita kiwanda kikichakaa hadi ardhi ikauzwa kulipia madeni. Serikali nayo haiponi lawama: teuzi za kisiasa huleta wakurugenzi wasiojua saruji.

Kwangu mimi, ukubwa wa hisa haunitishi. Kinachonitisha ni mali nyingine za mwenye hisa. Anayepata faida zaidi kwa mshindani, kama Lafarge kwa Bamburi, hana haraka ya kuona Portland inapanua kiwanda. Sheria ya Kampuni ya Kenya ya 2015 inamtaka mkurugenzi atangaze maslahi yake, lakini kutangaza hakutoshi. Mjadala wa bei, klinka au upanuzi ukianza, atoke chumbani. Na wakurugenzi huru wachaguliwe kwa kura za wanahisa wadogo peke yao, maana leo anayewapigia kura ndiye wanayepaswa kumchunga.

Kampuni ya Amsons ya Tanzania ilipoinunua Bamburi Desemba 2024, ilipata pia asilimia 12.5 ambayo Bamburi ilikuwa ikishika ndani ya Portland. Jina la mwenye hisa limebadilika, mgongano wa maslahi uko palepale.