Mjomba na Buti la Mitumba

Mjomba alishuka kwenye treni ya Zillertal amebeba skii, vile vibao virefu vya kutelezea kwenye theluji, begani kama mvuvi na makasia yake. Zilikuwa za miaka ya 80: sentimita 205, nyembamba, zimenyooka mwanzo hadi mwisho. Alizinunua kwenye soko la mitumba huko München, Ujerumani, pamoja na buti, kwa euro 40.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Hizi ndizo zilizokuwa ndefu kuliko zote."

Nyuma yake alikuwa mkaza mjomba na sanduku, na uso wa mtu aliyekwisha sema yote tangu nyumbani.

Mimi kazi yangu ni karakana ya duka la kukodisha vifaa, hapa Mayrhofen, Tirol, Austria. Nanoa kingo za skii, napaka nta, napima watu miguu. Mjomba alitaka nimsetie skii zake ili kesho yake ateremke Harakiri. Huo ni mteremko wa mlima Penken, mwinamo wake asilimia 78: ukisonga mbele mita 100 umeshuka 78. Na yeye hajawahi kukanyaga skii.

"Sabrina Simader mzaliwa wa Kilifi, na alishindana Olimpiki ya 2018 kule Pyeongchang. Mimi wa Malindi nishindwe?"

Nikamwambia Simader amekulia hapa Austria na ameteleza tangu utotoni. Akasema pwani ni pwani.

Skii zake nilizikataa papo hapo. Bindingi, yaani kile kishikio kinachobana buti, hazikuwa na breki, ile miguu miwili inayojichomeka kwenye theluji buti linapochomoka. Skii isiyo na breki ikikuponyoka haisimami mpaka ikutane na mtu. Springi zake nazo zimechoka, hata namba iliyoandikwa juu haiaminiki. Na urefu ule haumfai yeyote anayeanza. Wa kuanza hupewa skii inayofika kati ya kidevu na pua. Mjomba ana sentimita 178, nikampa za 160, upana wa katikati milimita 74, pana zaidi mbele na nyuma, ili ukiilaza upande igeuke yenyewe.

"Hizi si za watoto?"

Ikaja fomu. Bindingi ina kazi mbili zinazogombana: ilishike buti unapoteleza, na iliachie unapoanguka, kabla goti halijanyongwa. Kinachoamua ni namba ya DIN, yaani springi imekazwa kiasi gani, na haikisiwi. Inatoka kwenye jedwali, kwa uzito, kimo, umri, aina ya mtelezaji (1 ni mwoga na mwanafunzi, 3 ni mwenye kasi na ukali) na urefu wa soli ya buti kwa milimita. Uzito ukizidi, namba inapanda. Soli ikiwa ndefu inashuka, maana soli ndiyo wenzo unaoikamua springi. Ukifika miaka 50 unateremshwa ngazi moja, upende usipende.

Mjomba akaandika: kilo 70, miaka 45, aina ya 3.

"Kilo 70 za mwaka gani?" akauliza mkaza mjomba.

"Mama, haya ni mambo ya kitaalamu."

"Na miaka 45? Mtoto wetu wa kwanza ana 34. Ulimzaa ukiwa darasa la tano?"

Uongo wa mjomba ulikuwa unavuta pande mbili. Zile kilo alizozipunguza zingefanya skii imwachie kila akigeuka. Ile aina ya 3 na ule ujana wa kalamu vingefanya ing'ang'anie siku atakapoanguka polepole, na maanguko ya polepole yana sifa mbaya sana kwa kano za goti. Nikamwonyesha mizani. Akavua koti, akavua saa, akavua mkanda, akataka kuvua na soksi. Mizani haikushawishika.

Buti ndilo lililotuweka sana. Nikamwambia: kuna kifaa kimoja tu unachotakiwa kukichagua kwa makini kuliko vyote, nacho ni buti, kwa sababu skii husikiliza kisigino na ugoko, haisikii kitu kingine. Saizi ya buti ni urefu wa unyayo kwa sentimita. Unasimama kisigino kikiwa ukutani, unapima mpaka ncha ya kidole kirefu. Mjomba alitoka 27.5.

"Mimi navaa 44. Nipe kubwa, mguu upumue."

Nikatoa buti la ndani, nikamwingiza mguu kwenye ganda tupu, vidole vikagusa mbele. Nyuma ya kisigino pakabaki nafasi ya sentimita moja na nusu. Hapo ndipo panapotakiwa; ikizidi mbili, kisigino kitapanda na kushuka humo ndani na mwenyewe utabaki kukaza bizimu mpaka damu isite. Ugumu wa plastiki nilimpa 80, anaanza lakini ni mzito. Soksi moja nyembamba ya kufika gotini. Yeye alikuwa amevaa jozi mbili za sufi na suruali ya ndani kaichomeka humo humo, eti baridi. Soksi mbili ndizo zinazoleta baridi: zinabana damu.

Akasimama wima, akapiga ukelele. "Vidole vinagonga!"

"Kunja magoti mbele, mjomba, ugoko uegemee ulimi wa buti." Ukifanya hivyo kisigino hurudi nyuma na vidole vinaachia. Buti la skii halipimwi kwa kusimama wima, maana hakuna anayeteleza amesimama wima. Akainama kidogo, akanyamaza. Nikadhani tumeelewana.

Kesho yake tukapanda Ahorn, mlima wa wapole ng'ambo ya Penken, kituo chake cha juu karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kwa gari la kebo linalochukua watu 160. Mjomba ana mkoba mgongoni. Nilipogeuka kumfunga mkaza mjomba helmeti, yeye kavua buti nililompa na kuvaa yale ya mitumba. Saizi 29.5, yanang'aa, mekundu. Tena kayavaa kulia kushoto, bizimu zote zikitazamana ndani.

"Yamevaliwa mara mbili tu," akasema. "Muuzaji kaniapia."

Plastiki ya buti haihesabu mara ulizovaa, inahesabu miaka. Jasho, unyevu na jua vinaila kimyakimya, nje inabaki kung'aa, halafu baridi inakuja kumalizia. Na bindingi nilikwisha ifunga kwa soli ya milimita 317; yale yalikuwa na 337. Kwa hiyo alipoingiza ncha mbele na kukanyaga nyuma, kisigino kilikaa juu ya bindingi badala ya kuingia ndani. Kikipita vizuri husikika mlio wa "tap!" Yeye hakusikia kitu.

"Mjomba, usikanyage."

Akakanyaga. Akaruka, akakanyaga tena na uzito wake wote, ule halisi.

Tulisikia "kwach!" Kisigino cha buti kikaruka kuelekea kwa mwalimu wa watoto. Ganda likapasuka kutoka nyuma mpaka kwenye bizimu ya pili, vipande vyekundu vikatawanyika thelujini, na mjomba akabaki amesimama na buti la ndani, lile laini la sponji, kama mtu aliyetoka kuoga. Breki zikaishika skii pale pale. Mkaza mjomba akaanza kuokota vipande.

"Euro 40," akasema. "Hiki cha euro tano. Hiki cha mbili."

Lile buti la pili lilipasuka lenyewe akilivua.

Mchana alivaa ya 27.5 bila neno, akateleza kwenye kiteremko cha watoto, akaanguka mara kadhaa, na kila mara skii ikamwachia ilipotakiwa. Jioni nikamsikia akituma ujumbe wa sauti Malindi: "Buti za huku hazihimili nguvu zangu. Nimekanyaga moja, limesambaratika. Mpwa wenu ni shahidi."

Kwa nyuma sauti ya mkaza mjomba ikaingia: "Watajie na mizani ilisema ngapi."