Waingereza waliipigania bia yao. Mbege yetu nani ataipigania?

Niseme wazi tangu mwanzo: katika maisha yangu ya hapa Sheffield, Uingereza, kinachonifurahisha kuliko vyote ni jioni ya Alhamisi ndani ya pabu, yaani baa ya Kiingereza, bia ya pipa mbele yangu na kamera juu ya meza. Najua kule Marangu, Kilimanjaro, wapo wazazi watakaosikitika kwamba kijana wao amesafiri mbali hivyo akaishia kusifia pombe. Naomba wanisikilize hadi mwisho, maana haya yanawahusu wao, na mbege yetu ya ndizi na ulezi, kuliko yanavyowahusu Waingereza.

Mtanzania akinywa bia ya pipa ya huku kwa mara ya kwanza, atakwambia ni ya moto. Kwetu mhudumu huuliza, "Baridi au moto?" na aliyesema baridi huletewa Safari au Kilimanjaro, chupa inatoka jasho. Hapa pipa hukaa ghalani chini ya nyumba, kwenye nyuzi joto 11 hadi 13 hivi, na bia huvutwa juu kwa pampu ya mkono. Haikwarui koo, haijazi tumbo gesi, na kwa kuwa ulimi haujaganda unaonja kila kilichomo: kimea cha shayiri, uchungu wa hopsi (maua yanayotiwa kwenye bia), pengine harufu ya ganda la chungwa. Nyingi zina kilevi cha asilimia 3.8 hadi 4.5 tu. Painti moja, yaani mililita 568, unaikalia saa nzima mkizungumza, na kesho yake unaamka kwenda kazini ukiwa mzima.

Lakini kilichoniteka ni kwamba bia hii ni hai. Inatoka kiwandani chachu ikiwa bado imo ndani ya pipa, inaendelea kufanya kazi. Mwenye pabu hulilaza pipa, hulitoboa juu ili gesi ya ziada itoke, huliacha siku nzima au zaidi litulie mpaka mashapo yashuke, ndipo aanze kuuza. Likishafunguliwa, hewa imeingia. Baada ya siku tatu hivi ladha inaanza kuharibika. Pipa la kawaida lina painti 72. Pabu isiyo na watu wa kulimaliza kwa wakati haiwezi kuuza bia nzuri, hata mwenye nayo awe fundi kiasi gani. Wateja ndio wanaoifanya iwe nzuri, kwa kuja kwao.

Mchagga yeyote anayesoma ameshaona ninakoelekea.

Bia ya aina hii ilikaribia kupotea. Katika miaka ya 1960 kampuni kubwa za Uingereza zilinunua viwanda vidogo, zikafunga vingi, zikajaza pabu bia ya kegi: imechujwa, imepashwa moto ili chachu ife, imetiwa gesi, inakaa wiki nyingi bila kuharibika na bila ladha ya maana. Kwa mtu wa mahesabu hiyo ni bidhaa bora. Mwaka 1971 Waingereza wanne waliokuwa likizoni Ireland, kwenye baa moja ya kijiji cha Dunquin, waliamua kuunda chama cha kuitetea bia ya zamani, ambacho leo kinaitwa CAMRA. Hawakuwa na kiwanda. Walikuwa wanywaji tu waliochoka kuuziwa kitu kibovu. Sasa chama kina wanachama zaidi ya laki moja, kinaandaa maonyesho ya bia nchi nzima, na kila mwaka kinachapisha orodha ya pabu zinazojua kutunza pipa.

Sheffield yenyewe ni ushahidi. Mtaa wa Kelham Island ulikuwa wa viwanda vya chuma, na chuma kilipoanguka ukabaki magofu. Mwaka 1981 Dave Wickett, aliyekuwa mwalimu wa uchumi, alishiriki kufungua pabu ya Fat Cat katikati ya magofu hayo, akauza bia za viwanda vidogo ambazo pabu nyingi, zikiwa chini ya kampuni kubwa, hazikuruhusiwa kuziuza. Mwaka 1990 akajenga kiwanda kidogo pembeni yake, na mwaka 2004 bia yao ya Pale Rider ikatangazwa bingwa wa Uingereza. Kiwanda hicho kiliposhindwa kuendelea mwaka 2022, Thornbridge wa Bakewell, ng'ambo ya vilima, wakaichukua Pale Rider wakaendelea kuitengeneza. Mbele kidogo, Neepsend, pabu ya Gardeners Rest ilinunuliwa na watu wa mtaa wenyewe mwaka 2017 kwa kuchangishana hisa. Jambo hilo linanigusa. Watu wa kawaida walikaa wakakubaliana kwamba mahali pao pa kukutania ni mali ya kulindwa, wakatoa pesa mfukoni.

Na pabu ni mahali pa kukutania kweli. Bibi wa miaka themanini anaingia peke yake mchana, anaagiza nusu painti yake, anafuma sweta, na hakuna anayemtazama vibaya. Baba na mama wanakuja na watoto kula. Mbwa wamelala chini ya meza. Baa zetu nyingi, hasa za mjini, mwanamke akiingia peke yake anageuziwa shingo na nusu ya waliokaa, na muziki umefunguliwa kiasi kwamba kumsalimia jirani ni mpaka upige kelele. Hapo naona tumejipunja. Tunapenda mazungumzo kuliko watu wote ninaowajua, halafu tunajenga sehemu za starehe ambamo mazungumzo hayawezekani.

Kwenye chakula, hata hivyo, siwezi kuwapa Waingereza ushindi. Jumapili kuna nyama ya kuoka, viazi, mboga, na Yorkshire pudding, kile kikombe cha unga na mayai kinachovimba tanurini, vyote vimemwagiwa mchuzi mzito. Siku ya kazi kuna pai ya nyama na viazi, na hapa Sheffield huinyunyizia Henderson's Relish, sosi nyeusi inayotengenezwa mjini hapa hapa, ambayo wenyeji wanaionea fahari kuliko timu zao za mpira. Ni chakula kizuri, hasa Januari, baridi inapokuwa kali. Ila kila mtu na sahani yake. Nyama choma huwezi kuila hivyo. Unakwenda mwenyewe kwa mchomaji, unachagua kipande, mnasubiri nusu saa mkizungumza, inaletwa imekatwakatwa juu ya ubao, chumvi na pilipili pembeni, kachumbari, ndizi za kuchoma, mtu anazunguka na maji ya kunawa, na mikono yote inaingia mahali pamoja. Aliyekuja hana kitu anakula sawa na aliyelipa, na hakuna anayejua nani ni nani. Huku nimekaa na watu wema kaunta moja kwa muda mrefu, tunacheka, tunanunuliana raundi kwa zamu bila kuruka mtu, na bado wengine siwajui jina la ukoo wala wanakoishi. Ikigongwa kengele ya mwisho, kila mmoja anashika njia yake.

Kamera ndiyo iliyonisogeza karibu nao. Mzee mmoja, mstaafu wa kiwanda cha chuma, alikuwa akija na kamera yake ya filamu, na ndiye aliyenifundisha kusoma mwanga. Tunatumia Ilford HP5, filamu ya nyeusi na nyeupe inayotengenezwa Mobberley, Cheshire, mwendo wa saa moja na ushee kwa gari kutoka hapa. Mwanga wa pabu ni mdogo, lakini ukikaa upande wa dirisha mchana wa Novemba, uso wa mtu unapata nuru ya upande mmoja ambayo studio haiwezi kuinunua. Nimepiga mikono inayovuta pampu, wazee wakicheza domino, wanawake waliomaliza zamu hospitalini bado wana vitambulisho shingoni. Naomba ruhusa kwanza, na kila niliyempiga namchapishia nakala. Ukutani kwa pabu yetu sasa zimetundikwa baadhi, na watu huja kuonyesha watoto wao, "Huyu ni mimi."

Siku za mapumziko tunapanda vilima vya Peak District, hifadhi ya taifa ya kwanza Uingereza, iliyotangazwa mwaka 1951. Huingii kwa tiketi. Unapanda basi, unashuka, unatembea hadi kwenye miamba ya Stanage na kamera yako, na Agosti vilima vyote vimekuwa vya zambarau kwa maua ya heather, kijichaka cha vilimani huku. Mimi niliyezaliwa chini ya Kilimanjaro nililazimika kuja huku kupata mlima wa kwenda bila kulipa langoni. Sisemi kiingilio cha Marangu kifutwe. Najua kinalipa walinzi na njia. Nasema mtoto wa pale kijijini angepaswa kuujua mlima wake zaidi ya kuuona kwa mbali.

Mwanga nao una tofauti yake. Juni jua la Sheffield linazama saa tatu na dakika arobaini usiku, na ile rangi ya dhahabu inakaa juu ya mawe muda mrefu mpaka unachoka kupiga. Desemba linazama kabla ya saa kumi jioni. Kwetu mwaka mzima ni saa kumi na mbili na nusu hivi, linashuka wima, na giza linaingia upesi. Mpiga picha wa Moshi hana anasa ya kusubiri. Lazima ajue mapema anataka nini.

Mimi najua ninachotaka: kuwapiga picha wapishi wa mbege.

Bia hai ninayoisifia hapa ni ndugu wa mbege kwa kila kitu. Ndizi mbivu kutoka kihambani, shamba la nyumbani, zinachemshwa saa nyingi hadi ziwe nyekundu-kahawia, zinaachwa siku kadhaa zichache. Ulezi unaloweshwa, unaoteshwa, unaanikwa, unasagwa. Hicho ni kimea, kwa kanuni ile ile ya shayiri ya Yorkshire, wanga ukigeuka sukari. Gome la mti wa msesewe linatia uchungu, kazi ambayo huku inafanywa na hopsi. Mbege nayo haingoji: leo tamu, kesho kali, keshokutwa imekuwa siki. Anayeimimina huionja kwanza mbele yako, na huku pia mhudumu atakupa funda la kuonja kabla hujalipa. Fundi wa mbege ni mwanamke, mara nyingi amefundishwa na mama yake, na ujuzi wake wa joto, muda na ndizi ipi ichanganywe na ipi ungemfanya hapa Kelham Island aheshimiwe kama bingwa.

Sisi tunamwitaje? Mama muuza pombe. Mbege tumeiweka kapu moja na gongo, tukaiita pombe ya kienyeji, na kijana akipata mshahara wa kwanza anahamia bia ya chupa, kata, kile kibuyu cha kunywea, anamwachia babu. Inaonekana tena siku ya mahari, ya tambiko, ya kupatanisha ugomvi wa mpaka wa kihamba, maana hapo kreti haikubaliki. Kinywaji kinachotosha kufunga ndoa na kusuluhisha koo, kwa nini hakitoshi kukaliwa jioni kwa heshima, mahali safi, penye benchi nzuri na choo kinachoeleweka?

Mtu asiniambie kwamba hatuwezi kujipanga. Wachagga waliunda chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933 kuuza kahawa yao wenyewe, wakati wa ukoloni, wakajenga shule kwa faida yake. Kilabu kimoja cha mbege kinachomilikiwa na watu wa kitongoji, wapishi wakiwa wanahisa, ni kazi ndogo kuliko ile. Na Desemba, ambapo kila Mchagga aliyeko Dar, Mwanza au ughaibuni anarudi nyumbani, kwa nini tusiwe na siku moja ya mashindano ya mbege, waamuzi wakiwa wale mama wenyewe?

Nikija Desemba hii nitakuwa na filamu za kutosha. Nataka kuanza na vilabu vya Marangu, kisha vya majirani zetu wa Mamba na Kilema: niandike nani anapika, alifundishwa na nani, ndizi gani anatumia, nipige picha kazi yote tangu kukata mkungu hadi kata ya kwanza. Picha zitundikwe kilabuni kabla hazijaenda popote. Kwetu ukitoa kamera kubwa mtu anakuuliza, "Hizo picha unapeleka wapi?" na ana haki, kwa sababu wageni wengi wamewapiga bibi zetu picha na hawakuwarudishia hata moja.

Shangazi yangu, ambaye mbege yake ndiyo niliyoonja kabla ya bia yoyote, amekubali kuwa wa kwanza, kwa masharti: asipigwe picha kabla hajavaa kitenge kipya, msesewe nikautafute mwenyewe, na nakala ya kwanza apewe yeye, si mwenyekiti wa kitongoji.