Kabla ya irabu, mfundishe kuomba msaada

Mwanangu wa kwanza alianza chekechea akijua kuhesabu hadi 100. Nilimfundisha mwenyewe, kila jioni kwa miezi mitatu, na kila aliyekuja kututembelea ilimbidi akae asikilize hadi mwisho. Siku ya kwanza alirudi na chupa yake ya maji imejaa pomoni, vilevile nilivyoijaza asubuhi. Midomo imemkauka. Nikamuuliza kwa nini hakunywa, akasema kifuniko kilikuwa kigumu. Sasa mbona hukumwambia mwalimu akufungulie? Akanitazama kama vile nimeuliza jambo la ajabu. "Jina lake silijui."

Kifuniko nilikikaza mimi, kwa nguvu za mtu mzima, nikihofia maji yasije yakalowesha madaftari. Miezi mitatu tunahesabu, na hata mara moja sikuwahi kumpa ile chupa ajaribu kuifungua.

Tangu hapo nina msimamo wangu. Jambo la kwanza la kumfundisha mtoto anayekwenda chekechea ni kumwomba msaada mtu mzima asiye wa kwao. Herufi na namba zinamngoja hukohuko, na yupo mtu aliyesomea kuzifundisha. Lakini mtoto asiyeweza kusema "Mwalimu, naomba unifungulie" atakaa na kiu, atabana mkojo hadi umshinde, atavumilia kiatu kinachombana mchana kutwa, na jioni utaambiwa ni mtoto mpole, hana shida kabisa.

Nyumbani mtoto haombi kwa sababu hana haja ya kuomba. Mama akiona miguu imebanana anajua ni haja ndogo. Baba akiona macho yanaelekea kwenye kabati anajua kinachotafutwa. Tunawasoma watoto wetu hata kabla hawajafumbua mdomo, na tunaona fahari kwa hilo. Mwalimu mwenye watoto ishirini au zaidi hawezi kuzisoma nyuso zote. Kwa hiyo zoezi la kwanza ni la mzazi: acha kubahatisha. Akikunyooshea kikombe bila neno, subiri. Kwa binti yetu, mdogo wake, tulianza hivyo miezi miwili kabla, na nakiri kwamba aliyeteseka zaidi ni mimi.

Halafu tukawa tunacheza shule. Mwanzoni nilikuwa mwalimu mimi, yeye mwanafunzi, anainua mkono, anasema shida yake. Siku moja akataka tubadilishane. Akasimama juu ya stuli, akashika kiuno, akanguruma: "Nani kakojoa hapa?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Kumbe hicho ndicho kilichokuwa kikimkosesha raha, na hakuna mtu aliyemuuliza. Nadhani alikipata kwenye hadithi za kaka yake. Tukalizungumza palepale: ikitokea umejikojolea unamwambia nani, nguo ya kubadilisha iko wapi ndani ya begi, na kwamba hutagombezwa ukifika nyumbani. Mwachie mtoto awe mwalimu mara mojamoja, utasikia mengi.

Na ukishaanza hilo la choo, angalia maneno mnayotumia. Kila nyumba ina lugha yake ya siri kwa haja ndogo na haja kubwa, majina ya kitoto ambayo nje ya mlango wenu hayaeleweki. Mtoto anaweza kuomba kwa ufasaha kabisa na asieleweke. Mfundishe maneno yanayoeleweka na kila mtu. Mfundishe kujisafisha pia, msichana aelewe kwamba anafuta kutoka mbele kwenda nyuma, maana kinyume chake huleta maambukizi ya njia ya mkojo. Na ile sare mpya, usiihifadhi hadi siku ya kwanza! Aivae nyumbani, aende nayo chooni, apambane na zipu na vifungo huku wewe ukiwa karibu na hakuna foleni nyuma yake. Ukiona mkanda unamshinda, achana nao. Suruali ya mpira kiunoni haijawahi kumdhuru mtu.

Kuna watakaosema haya ni mambo madogo mno, shule ni masomo. Maria Montessori, daktari wa Kiitalia aliyefungua nyumba yake ya watoto mtaani San Lorenzo, Roma, mwaka 1907, aliwatengenezea watoto fremu za mbao zenye vitambaa vya kufunga na kufungua, vifungo kwenye fremu moja na kamba kwenye nyingine. Kwake hilo lilikuwa somo kamili. Siku moja aliwaonyesha watoto namna ya kupenga kamasi kwa leso, taratibu, bila kelele. Alipomaliza, wakampigia makofi. Watoto waliozoea kukaripiwa kila siku kwa pua zao, kumbe hakuna aliyewahi kukaa nao chini akawaelekeza. Kila nikiikumbuka habari hiyo naona haya kidogo, kwa sababu kukaripia najua.

Friedrich Fröbel naye, Mjerumani aliyeiita shule yake ya watoto wadogo "bustani ya watoto" mwaka 1840, zana yake ya kwanza kwa mtoto ilikuwa mpira laini wa nyuzi. Penseli haikuwa na haraka. Mkono wenyewe haujawa tayari: mifupa minane midogo ya kifundo cha mkono huwa gegedu tupu mtoto anapozaliwa, na hugeuka mfupa mmoja baada ya mwingine kwa miaka mingi, hata wa mwisho unakuja wakati mtoto yuko shule ya msingi. Ukitaka kumwandaa kuandika, mpe udongo afinyange, karatasi achane, kitambaa kilicholowa akamue. Watu watakutajia samaki mkunje angali mbichi. Sawa, lakini kukunja si kuvunja.

Nirudi kwa mwalimu, kwa sababu hapa ndipo wengi tunapojiharibia wenyewe. "Ngoja uanze shule, mwalimu atakunyoosha." Sentensi hii nimeitamka mimi mwenyewe, tena zaidi ya mara moja, mtoto aliponikatalia kulala. Mwaka mzima tunamjengea mtoto picha ya mwalimu kama zimwi, kisha asubuhi moja tunamkabidhi kwa zimwi hilohilo na kumwambia ukiwa na shida mwambie. Atamwambia vipi? Kama unaweza, mpeleke akamwone mwalimu kabla ya siku yenyewe, ajue jina lake, ajue choo kiko upande gani. Dakika kumi zinatosha.

Usingizi sina mengi. Shirika la Afya Duniani linashauri saa 10 hadi 13 kwa siku kwa mtoto wa miaka mitatu na minne, usingizi wa mchana ukiwemo. Anayelala usiku wa manane hazifikishi. Anza kurudisha muda wa kulala nyuma wiki mbili kabla, si usiku wa kuamkia shule.

Kuaga ni kazi nyingine. Wapo wanaoshauri umvizie akiwa ameshika mchezo, utoroke. Nilifuata ushauri huo kwa mwanangu wa kwanza, na kwa wiki kadhaa akawa ananishika gauni hata nikienda bafuni, maana alishajifunza kwamba mama huyeyuka ukigeuza shingo. Bora alie ukiwa unaonekana. Muage kwa ufupi, mara moja, na umwambie utarudi lini kwa lugha anayoielewa. "Saa sita" haimwambii kitu mtoto wa miaka minne. "Mkishamaliza kula na kuimba, nakuja" inamwambia. Halafu ufike kweli, hata ikibidi kukimbia. Kilio cha asubuhi mara nyingi hukatika muda mfupi baada ya mzazi kuondoka, na kinachokirefusha ni mzazi anayerudi kuchungulia dirishani. Nilichungulia, nikaonekana, tukaanza upya.

Binti yetu sasa yuko wiki ya tatu. Juzi mwalimu wake alinisimamisha mlangoni, sauti ya mtu aliyechoka, akaniambia huyu wako anaomba msaada hadi kwa niaba ya wenzake. Anamshika mwenzie mkono, anamleta mbele, anasema: "Mwalimu, huyu anataka kwenda chooni lakini anaogopa kukuambia." Namba bado zinampiga chenga. Akifika kumi na mbili anaruka hadi kumi na tano.