Kitambulisho Kimoja, Mizani Mbili

Basi lilisimamishwa kizuizini saa tisa usiku, njiani kutoka Garissa kwenda Nairobi. Askari akapanda na tochi. Mimi alinimulika usoni tu, akapita. Jirani yangu, mwalimu wa hisabati, Mkenya wa Kisomali mzaliwa wa Garissa, akatoa kitambulisho cha taifa kama hiki changu, akaambiwa ashuke nacho. Alirudi baada ya nusu saa, mfuko umepungua shilingi mia tano. "Hiyo ni nauli ya pili," akaniambia, akajifunika koti, akalala.

Humkumbuka kila mjadala wa wakimbizi na usalama unapopamba moto hapa Kenya. Simo katika wale wanaotaka mipaka iachwe wazi kama soko. Waliovamia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013 na kuua watu 67 walikuwa wageni, na serikali isiyojua nani anaingia kwake imeshindwa kazi. Ninachokataa ni hii imani kwamba hatari ina sura, tena sura ya mwalimu wangu wa basini.

Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Mmoja wa wauaji alikuwa Mkenya, mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu kule Mandera. Baba yake mwenyewe alikuwa ameshatoa taarifa kwamba kijana kapotea. Januari 2019 likaja shambulio la hoteli ya DusitD2, Nairobi, na miongoni mwa washambuliaji alikuwemo kijana ambaye baba yake ni mwanajeshi wa Kenya. Hawa wangepita kizuizi chochote.

Na mwaka mmoja kabla ya Garissa tulikuwa tumefanya nini? Aprili 2014 maelfu ya Wasomali walizolewa na polisi mtaani Eastleigh, Nairobi, wengi wakarundikwa uwanjani Kasarani, raia na wakimbizi pamoja. Mtaani watu wakaanza kujiita "ATM" za askari. Mwenye pesa alitoka, asiye nazo akalala ndani. Sasa niambie, katika mpango kama huo, gaidi aliyefadhiliwa anakosaje kutoka?

Kuna kisa kingine kinachonikera zaidi. Miaka ya ukame, Wakenya wa vijiji vinavyopakana na Dadaab walijiandikisha kambini kama wakimbizi ili wapate mgao wa chakula na matibabu. Watoto wao waliandikishwa vilevile. Wakifika miaka kumi na minane wanaenda kuomba kitambulisho, alama za vidole zinasema: mkimbizi. Basi kijana aliyezaliwa Fafi, huku huku Garissa, babu yake kazikwa Fafi, hana uraia popote. Hawezi kusajili laini ya simu wala kufungua akaunti ya benki. Tumemtengeneza mtu asiyejulikana na serikali yoyote, halafu tunasema tumelinda taifa! Na kichekesho ni kwamba Wasomali wa Somalia humcheka huyo huyo, wanamwita "sijui", kwa kuwa Kiswahili kimemjaa mdomoni.

Ndiyo maana naunga mkono Mpango wa Shirika uliozinduliwa 2025, wa kuzigeuza kambi za Dadaab na Kakuma ziwe miji ambamo wakimbizi na wenyeji watatumia shule na hospitali zilezile. Wenyeji wa Garissa na Turkana wanahofia ardhi yao, na wana haki ya kuulizwa kwanza. Lakini mtu mwenye kadi, duka na leseni ya biashara ni rahisi kumfuatilia kuliko aliyejificha kwenye chumba cha kupanga akiogopa hata kwenda zahanati.

Februari 2025 Rais Ruto alifuta ule utaratibu wa kuwapiga msasa wa ziada vijana wa kaunti za mpakani wanaoomba vitambulisho. Wapo waliosema anasaka kura, na huenda hawakukosea. Mimi nilifurahi hata hivyo. Nikampigia mwalimu simu kumuuliza kama amri imemfikia.

Akacheka sana. Akasema kizuizini bado anashushwa, ila siku hizi wanamwita "mwalimu" kwa heshima, na asiye na noti mkononi anaruhusiwa kutuma kwa simu.