Wasifu wa Bibi Usifupishwe

Katika misiba mingi ya Njombe na Iringa, wasifu wa mwanamke mzee husomwa kwa dakika chache na hufuata njia ileile: alizaliwa, alibatizwa, alifunga ndoa, alijaliwa watoto ambao baadhi yao wametangulia mbele za haki, ameacha wajukuu na vitukuu, aliugua, amefariki. Wasifu wa mwanaume wa rika lake huwa mrefu kuliko huo, kwa sababu hutajwa kazi alizofanya, vyeo alivyoshika na mashamba aliyoyafungua. Tumemzika Bibi yangu, mama yake baba, kwa wasifu wa namna hiyo ya kwanza, na ninaamini kwamba tulimdhulumu.

Bibi hakuwa mtu wa kusemewa. Katika mkutano wa kijiji, mtendaji alipofunga hoja kwa kusema kwamba akina mama wamekubali, yeye alisimama, akafunga vizuri kanga aliyoivaa juu ya sweta, akaomba aandikwe kwamba yeye hajakubali, kisha akaeleza sababu zake moja baada ya nyingine bila kupandisha sauti. Wapo waliomwita mkaidi. Sisi tuliolelewa naye tulijua kwamba ukaidi huo ndio uliotulisha na kutusomesha.

Alianza kubeba shamba peke yake akiwa bado kijana. Wakati wa ukoloni wanaume wengi wa Ubena walikwenda Tanga kukata mkonge, wale tuliowaita manamba, na Babu alikuwa mmoja wao. Kwa muda wote ambao hakuwapo, Bibi ndiye aliyeng'oa visiki, aliyepanda mahindi na viazi juu mlimani, na aliyelima vinyungu bondeni wakati wa kiangazi, pale ambapo unyevunyevu wa ardhi hustawisha mahindi mabichi na maharage katika miezi ambayo nyanda za juu ni kavu na zina baridi kali. Pembeni mwa kijito alipanda milanzi, ile mianzi inayogemwa pombe ya ulanzi, ambayo baadaye ikawa mpaka wa shamba na pia chanzo cha fedha za sabuni na chumvi kila msimu wa ulanzi.

Mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu wa shambani awe amehamia kijijini, familia yetu nayo ilihamishwa. Walipewa kiwanja kando ya barabara, mbali na mashamba yao ya zamani. Wengi waliyaacha mashamba hayo yakawa vichaka. Bibi aliendelea kuyaendea kwa miguu, akiondoka kabla ya jua kuchomoza na kurudi na mzigo wa kuni kichwani, na jioni alikuwa na nguvu ya kwenda kwenye kisomo cha watu wazima, ambako alijifunza kusoma na kuandika jina lake. Simlaumu aliyechoka akaacha, kwa maana ulikuwa mwendo mrefu na milima ya kwetu haina huruma. Lakini kama naye angeacha, leo tusingekuwa na shamba la kuzungumzia.

Babu alipofariki, kikao cha ukoo kilimpangia Bibi mambo mawili: arithiwe na shemeji yake, au arudi kwa kaka zake na kuwaacha watoto. Yote mawili aliyakataa. Inafaa kukumbuka alikuwa akisimama mbele ya nini. Kanuni za urithi za kimila zilizoandikwa na Serikali mwaka 1963 zilieleza kwamba mjane hana fungu katika mali ya mumewe ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Kwa hiyo wazee wale hawakuwa wakijitungia tu. Walikuwa na maandishi ya kuegemea, na Bibi alikuwa na jembe lake na ujuzi wa kila tuta alilolilima. Walimwacha, nadhani kwa kuwa shamba lenyewe wakati huo halikuwa na bei.

Bei ilikuja baadaye, pale watu wa mijini walipoanza kununua ardhi ya kwetu kwa ajili ya kupanda miti ya mbao na, katika miaka ya karibuni, parachichi za aina ya Hass. Ghafla watoto wa shemeji zake wakakumbuka kwamba shamba ni la ukoo. Bibi hakuwapigia kelele. Alikwenda kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 lina wajumbe 7 na kati yao 3 lazima wawe wanawake, akaomba kikao kisifanyike ofisini bali shambani. Huko alitembea mpakani akiwa mbele, akishika kila kichaka cha mlanzi na kueleza kilipandwa lini, mche wake ulitoka kwa nani, na kwa nini kimoja kimekaa nje ya mstari. Kisha akawaomba wadai wake waeleze nao. Hapakuwa na aliyeweza. Mjumbe mmoja mwanamke akauliza kama kuna haja ya kuendelea, na shauri likaishia pale pale.

Sheria ile ilikuwa upande wake, kwa sababu inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Ila sheria haitembei yenyewe kutoka Dodoma hadi bondeni kwetu. Ilihitaji mwanamke aliyekuwa tayari kuchukiwa na nusu ya ukoo. Baadaye alipata hati ya hakimiliki ya kimila, akaandikisha humo majina ya shangazi zangu pamoja na lake, jambo lililowaudhi hata baadhi ya wanawe wa kiume.

Miti ya shamba hilo ndiyo iliyotulipia ada. Njombe imeumizwa sana na UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa 2011/12 ulikuta asilimia 14.8 ya watu wa miaka 15 hadi 49 mkoani wanaishi na virusi, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 5.1. Nyuma ya tarakimu hizo kuna nyumba nyingi ambazo bibi aliyekwisha kuzeeka alianza upya kulea watoto. Ya kwetu ilikuwa mojawapo. Kila Januari alikata miti michache tu, iliyotosha ada na sare, na mfanyabiashara aliyetaka kununua shamba zima kwa mkupuo alifukuzwa kwa adabu, akapewa na kikombe cha togwa njiani.

Sasa niambieni, katika haya yote, ni lipi lilisomwa pale kaburini? Tulisikia kwamba marehemu alikuwa mpole, mvumilivu na mcha Mungu. Mcha Mungu alikuwa kweli. Nilipouliza kwa nini mengine yaliachwa, baba zangu wadogo waliniambia kwamba wale waliomshtaki walikuwa wamekaa safu ya mbele, wamechangia sanda na jeneza, na msiba si mahali pa kufufua ugomvi. Naiheshimu hoja hiyo. Watu wa kwetu huzikana hata wakiwa hawasalimiani, na hilo ni jema ambalo sitaki lipotee.

Hata hivyo, pale nyuma, chini ya miti, walikuwa wamekaa wajane vijana ambao mashamba yao yanatolewa macho hivi sasa na wanunuzi wa parachichi. Wao ndio waliohitaji kusikia kwamba mzee tuliyekuwa tukimzika alishinda shauri kama lao, mbele ya baraza lilelile, kijijini hapo hapo. Tuliwapa habari ya upole. Tuliona aibu ya wachache ina uzito kuliko haja ya hao wengi, na nadhani tulipima vibaya.

Tutakapojengea kaburi lake, wasifu utasomwa tena. Nimeandika aya moja kuhusu mashamba, kikao cha mpakani na hati yenye majina ya shangazi, nikaipeleka kwa baba mdogo aliye mkubwa kuliko wote waliobaki, kwa kuwa si kazi ya mjukuu kusoma bila idhini ya wazee. Aliisoma akiwa amevaa miwani, akarudia, akasema itasomwa ila majina ya waliomshtaki yaondolewe. Nimeyaondoa. Majina ya shangazi yamebaki, pamoja na la Bibi, kama yalivyo kwenye hati.